Ulanzi wa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Kilolo, katika nyumba ambayo milanzi yake, ile mianzi inayogemwa ulanzi, ilianzia nyuma ya jiko ikashuka hadi bondeni. Kuanzia Desemba simu yangu haitulii. Ndugu aliye Dar es Salaam anauliza kwa nini dumu la ulanzi aliloletewa limechacha, kijana wa Mafinga anauliza apande upande gani wa shamba, mgeni anauliza kama huu nao ni mvinyo. Nimeyakusanya maswali hayo hapa na kuyajibu kwa kadiri nilivyofundishwa na wagema na nilivyojionea mwenyewe. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Ya mwanzo

Ulanzi ni nini hasa?

Ni utomvu mtamu wa chipukizi la mwanzi, ukagemwa na kuachwa uchachuke wenyewe. Haupikwi. Hautiwi maji, sukari wala hamira. Chachu yake inatoka hewani, kwenye kisu, kwenye chombo na kwenye mwanzi wenyewe, na kazi yake inaanza mara tone la kwanza linapodondoka. Kati ya saa 5 na 12 baadaye kinywaji kiko tayari, ikitegemea mnywaji anautaka ukali gani.

Ukiutazama kwenye glasi una weupe hafifu, kama maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa. Ukiwa mpya unanukia muwa uliomenywa sasa hivi. Kilevi chake, ukishachachuka vizuri, ni karibu asilimia 5, yaani haupishani sana na bia ya dukani.

Je, ni sahihi kuuita mvinyo?

Kama kwako mvinyo ni zabibu peke yake, basi siyo. Lakini tazama namna unavyopatikana. Anayetengeneza komoni, pombe ya nafaka, lazima kwanza aoteshe nafaka apate kimea, maana wanga wa nafaka haugeuki pombe mpaka uwe sukari. Ulanzi hauhitaji hatua hiyo. Sukari imo tayari ndani ya mmea, kama ilivyo ndani ya zabibu na ndani ya tembo la mnazi kule pwani. Kwa hiyo ndugu zake wa damu ni tembo na mvinyo wa zabibu, na komoni ni jirani tu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niuite mvinyo wa mianzi bila kusita. Unafuata ardhi na mwaka. Ulanzi wa bonde moja hauna ladha sawa na wa bonde la pili, na wa Januari si wa Aprili.

Mtogwa na mkangafu ni vitu gani?

Ni majina ya umri. Mtogwa ni ulanzi mpya, mtamu, ambao haujachachuka sana. Mkangafu ni uliokaa, sukari yake imeliwa na chachu, na sasa ni mkali na mchachu. Kilabuni ukisema tu "nipe ulanzi" utaulizwa upi. Mgeni aanze na mtogwa, lakini asidanganywe na utamu wake. Tazama jibu kuhusu watoto hapa chini.

Unapatikana wapi?

Makao yake makuu ni mikoa ya Iringa na Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa mkoa mmoja. Kilolo, Mufindi, Njombe na Ludewa ni maeneo ambayo mtu hulazimiki kuulizia. Utaiona milanzi kando ya nyumba kabla hujaiona nyumba. Ruvuma nako upo.

Mlima Rungwe umejaa mianzi. Mbona haigemwi?

Kwa sababu ile ni mianzi ya aina nyingine. Mianzi ya Rungwe na milima ya Poroto ni mianzi ya milimani, inayopenda ukungu na baridi ya juu, na ndani yake ni tupu kama bomba. Mlanzi wa ulanzi una kuta nene, pengine umejaa kabisa, na kitaalamu uko katika jenasi ya Oxytenanthera. Wataalamu wengine humpa mlanzi jina la pili la braunii, wengine humweka pamoja na abyssinica. Mgema hana shida na ubishi huo. Anagonga shina kwa kisu, akisikia mlio mzito anajua ni mwenyewe.

Ile mianzi ya manjano yenye mistari ya kijani inayopandwa kupamba bustani nayo siyo. Ina asili ya Asia.

## Udongo na hali ya hewa

Mlanzi unapenda udongo wa namna gani?

Udongo mwekundu wa mfinyanzi, wenye kina, usiotuamisha maji. Sehemu kubwa ya Iringa na Njombe imekaa juu ya miamba ya kale ya aina ya graniti, iliyooza kwa miaka mingi mno hadi ikawa huo udongo mwekundu tunaoujua, wenye tindikali na usio na rutuba nyingi kwa mahindi bila mbolea. Mlanzi unauvumilia. Mizizi yake inasambaa karibu na uso wa ardhi, na majani yake yanayoanguka kila kiangazi yanarudisha kidogo kilichochukuliwa.

Usichovumilia ni miguu kukaa majini. Mahali pazuri kuliko pote ni pale mteremko unapoishia, kabla hujafika kwenye vinyungu. Vinyungu viko kule chini kabisa, udongo mweusi, unyevu mwaka mzima, ndiko tunakolima mboga na mahindi ya kiangazi. Milanzi ikae ukingoni: inapata maji yanayoshuka chini ya ardhi kutoka mlimani, lakini hayasimami. Ukiwa na wasiwasi, chimba shimo la kina cha mkono mmoja wakati wa mvua na ulifunike. Kesho yake ukikuta maji yamejaa, panda juu hatua ishirini ujaribu tena.

Mbeya na Rungwe udongo ni wa volkano, mweusi, mwepesi na wenye rutuba kubwa kuliko wetu. Ni udongo wa ndizi, viazi na chai. Huku kwetu hatukupewa huo. Tulipewa mwekundu, na mlanzi ni mmoja wa mimea inayotufaa kwa udongo tulio nao.

Udongo unabadilisha ladha ya ulanzi?

Kwa ulimi wangu, ndiyo. Baba mkubwa alikuwa na vichaka vya juu, karibu na nyumba, na vya chini, karibu na kijito. Vya chini vilijaza mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu, upesi lakini ulanzi wake ulikuwa mwepesi. Vya juu vilitoa kidogo, na ndivyo alivyoviwekea alama kwa ajili ya wageni. Sijaupeleka maabara, ila kila mgema mwenye shamba lenye mteremko niliyezungumza naye amenieleza jambo lilelile. Maji mengi mizizini, sukari inazimuliwa.

Hali ya hewa ya huku ikoje, na inausaidiaje?

Tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakoma Aprili au Mei. Kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti, kikavu na chenye baridi ya kuuma asubuhi, halafu joto la Septemba na Oktoba kabla ya mawingu kurudi. Iringa mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; ukipanda kuelekea Njombe unaukaribia urefu wa mita 2,000.

Mvua zenyewe hazilingani. Milima ya Udzungwa inazikinga pepo zenye unyevu zinazotoka baharini, kwa hiyo upande wa mashariki umelowa na Iringa mjini, iliyo nyuma ya milima, ni kavu. Kilolo ya juu na ukingo wa Mufindi hupata mvua nyingi kuliko mji, na Mufindi hupata ukungu na manyunyu hata kiangazi, ndiyo maana chai imekubali kule. Mlanzi unahitaji vyote viwili: masika ya kutosha ili machipukizi yatoke kwa nguvu, na kiangazi kirefu ili mianzi mikomavu iweke akiba.

Kwa nini ulanzi hupatikana masika tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Chipukizi la mwanzi halina majani ya kujitengenezea chakula. Linakua kwa kasi ya kushangaza, asubuhi ulilipima kwa magoti, baada ya siku chache liko kiunoni, na nguvu zote hizo linazipata kwa wazazi wake. Mwaka mzima uliopita mianzi mikubwa ya kichaka ilitengeneza sukari juani na kuihifadhi kama wanga kwenye mashina na mizizi. Mvua ikinyesha, mizizi inanyonya maji na kuyasukuma juu, akiba inayeyuka kuwa sukari, na mto huo mtamu unaelekea kwa mtoto.

Mgema anakata ncha ya mtoto na kuukinga mto. Kiangazi hakuna mtoto, wala hakuna maji ya kumsukumia. Ndiyo maana mwenye kukuuzia "ulanzi mpya" mwezi wa Septemba anakuuzia kitu kingine.

Jalidi inaua mlanzi?

Haiui kichaka kilichokomaa kwa urahisi, lakini inaunguza majani, na kichaka kisicho na majani hakiweki akiba. Mabonde ya juu ambako nyasi huamka nyeupe mwezi wa Juni, kama sehemu za Makete kuelekea Kitulo, si mahali pa kuwekeza kwenye ulanzi. Baridi ya kawaida ina faida yake: chachu hufanya kazi polepole, na ulanzi wa Njombe hubaki mtogwa kwa saa nyingi kuliko uleule ukishuka nao joto la Morogoro.

Kwa nini zabibu zinalimwa Dodoma na si huku?

Dodoma ni kukavu na kuna jua, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu unataka majani makavu. Huku kwetu, mvua ya miezi mitano na ukungu vinaleta ubwiri na kuoza kwa vishada kabla havijaiva. Mtu anaweza kupanda mzabibu mmoja kwenye kibaraza akala matunda; shamba zima lingemgharimu dawa kila wiki. Kila nchi na mvinyo wake.

## Kupanda na kugema

Nianze vipi kupanda?

Usitafute mbegu, ni adimu, na sababu yake iko kwenye swali la mwisho. Mvua zikianza, nenda kwa mwenye kichaka kizuri, kile ambacho umeonja ulanzi wake. Mwombe kisiki cha mwanzi wa mwaka mmoja au miwili chenye mizizi na macho yaliyo hai, ukikate juu kubaki kimo cha kiunoni. Chimba shimo pana kuliko unavyodhani linahitajika, changanya samadi iliyooza, panda, shindilia. Acha hatua tano au sita kati ya shimo na shimo, maana kichaka kitatanuka.

Kisha subiri. Miaka mitatu ya mwanzo usigeme hata chipukizi moja. Najua ni vigumu. Mwaka wa tatu machipukizi yanakuwa manono na jirani anakushawishi. Yaache yote yakomae yawe wazazi.

Ulanzi unagemwaje?

Chipukizi likifika kimo cha kati ya kiuno na kifua, bado laini, mgema anakata ncha yake kwa kisu kikali sana. Siku hiyo haupati kitu. Kesho yake asubuhi anarudi na kukata kipande chembamba kama karatasi juu ya jeraha, jioni anarudi tena, na hivyo hivyo kwa siku kadhaa, mara nyingi kama wiki. Analiamsha. Siku moja jeraha linang'aa, halafu linadondosha. Hapo ndipo anapofunga mbeta.

Nimesimama nyuma ya baba mkubwa saa kumi na mbili asubuhi, majani yamelowa, ukungu haujaondoka bondeni. Anashika chipukizi kwa mkono wa kushoto kama anayemshika mtoto kidevu. Anaishusha mbeta, anaitikisa, anasikiliza povu. Nyuki wawili wamezama. Anawaondoa kwa jani. Anamimina ulanzi kwenye dumu kupitia kitambaa, anasuuza mbeta kwa maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, kisha anatoa kile kipande chembamba. Tone linatoka kabla kisu hakijaondoka. Muda wote huo haongei. Ukimsalimu "kamwene" anaitikia kwa kichwa.

Kile kipande chembamba ndicho ufundi wenyewe. Ukikata nene, chipukizi linaisha baada ya siku chache. Usipokata, jeraha linaziba na kuwa jeusi, na ulanzi unaotoka una harufu mbaya.

Mbeta ya mwanzi au chupa ya plastiki?

Mbeta ni kipande cha mwanzi kilichokatwa chini ya fundo, ili fundo liwe kitako. Ina sifa yake: kuta zake zimelowa chachu za msimu mzima, na ulanzi unachachuka vizuri ndani yake. Ila mbeta isiyosafishwa ni nyumba ya vijidudu vinavyogeuza ulanzi kuwa siki kabla haujafika nyumbani. Chupa ya plastiki inaonekana safi na ni rahisi kuosha, lakini juani inapata joto upesi.

Mimi natumia mbeta, nazianika juani mchana na kuzisuuza kwa maji ya moto kila ninapogema. Ambaye hataifanya kazi hiyo kila siku, heri atumie chupa. Chombo kichafu hakina utamaduni.

Kwa kichaka kimoja nigeme machipukizi mangapi?

Kanuni niliyofundishwa: moja geme, moja acha. Chipukizi lililogemwa haliwi mwanzi tena, litakauka. Ukigema yote, baada ya miaka mitatu hakuna wazazi wapya, wazee wanakufa, na akiba niliyoieleza kwenye swali la masika haipo. Vichaka vingi vinavyosemekana "vimezeeka" vimegemwa vikaisha. Kuzeeka ni kisingizio.

## Kununua, kutunza, kunywa

Nitajuaje kama umechakachuliwa?

Wahenga wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msemo huo umepanda mlima hadi huku. Uliotiwa maji una utamu wa mbele tu, hauna mwili, na povu lake linakufa upesi. Uliotiwa sukari unabaki mtamu hata ukiwa mkali, jambo ambalo ulanzi wa kweli hauwezi, kwa kuwa ukali wake umetokana na utamu wake kuliwa.

Maji ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Mtu anayezimua ulanzi hachemshi maji ya kuzimulia, na kuhara kunakofuata kunasingiziwa ulanzi. Nunua kwa mtu unayemjua, ikiwezekana asubuhi, na mwombe umwone akimimina kutoka kwenye chombo alichogemea.

Nisafirisheje hadi Dar es Salaam?

Usifunge kizibo hadi mwisho. Ulanzi unaochachuka unatoa gesi mfululizo. Mwaka mmoja nilijaza dumu la lita 20 pomoni, nikakaza kizibo, nikalipakia kwenye buti la basi. Tulipomaliza kushuka Kitonga joto likabadilika, na kabla ya Mikumi dumu lilipasuka juu ya mizigo ya watu. Mama mmoja alikuwa amebeba nguo za harusi ya mwanawe. Nilimlipa nilichokuwa nacho, na bado naukumbuka uso wake.

Jaza robo tatu tu. Ziba kwa nyasi safi zilizosokotwa au kitambaa, dumu lisimame wima, na kila basi linaposimama liangalie. Hata hivyo, ujue unachopokea Dar ni mkangafu. Mtogwa hausafiri.

Kwenye friji utakaa?

Siku mbili tatu, ukiwa mtogwa na chombo kikiwa safi. Friji inapunguza kasi; haizimishi.

Ukishachacha kabisa niumwage?

Hapana. Ukichuja vizuri ni siki nzuri ya kachumbari. Na kabla haujafika huko, mashapo ya chini ya dumu ni chachu hai. Nyumbani tuliyatumia kuumulia unga wa maandazi siku ambazo hamira haikuwepo dukani. Yaache kwenye unga usiku kucha.

Unaweza kupofusha kama pombe haramu?

Upofu unaosikika kwenye taarifa unatokana na methanoli, ambayo hutokea hasa pale pombe inapotoneshwa ovyo au spiriti ya viwandani inapouzwa kama kinywaji. Ulanzi hautoneshwi. Hatari zake ni maji machafu, chombo kichafu, na wingi. Mtu akiuchukua akautonesha, hapo ametengeneza gongo, na gongo ni kosa kisheria.

Anayetumia dawa, mwenye kisukari na mjamzito wauache. Mtogwa una sukari nyingi na mkangafu una kilevi. Hakuna hatua katikati iliyo salama kwao.

Mtogwa si kama juisi tu? Watoto wanaweza kunywa?

Wasipewe. Najua wengi wetu tulipewa kikombe tukiwa wadogo. Lakini nimeeleza mwanzoni kwamba kuchachuka kunaanza na tone la kwanza. Mbeta iliyofungwa jioni ikashushwa asubuhi ina saa 12 ndani yake. Inaitwa mtogwa, ila kilevi kimo.

Na kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, katika mkoa ambao ghala zake zina mahindi. Sababu ni nyingi na ulanzi peke yake haubebi mzigo huo. Lakini msimu wa ulanzi unaangukia palepale kwenye palizi, wakati mama anashinda shambani na chakula cha mwaka jana kinakaribia kuisha. Mzazi akitoka shambani akapitia kilabuni hadi giza, mtoto amelala na njaa au amelala na mtogwa. Ninaupenda ulanzi, na kwa sababu hiyo siwezi kulinyamazia hili.

Sheria inasemaje?

Kuuza kunahitaji kibali, na vilabu vina saa zake; halmashauri yako ndiyo inayotoa maelekezo, na saa hizo hutofautiana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18.

Na mila? Lazima mwanamume agawe?

Kila ukoo una utaratibu wake. Kinachofanana ni kwamba ulanzi wa shughuli, iwe harusi, msiba au kazi za ujima ambazo wengi huku huziita mgowe, hauanzi kunywewa kabla mwenyeji hajaonja mbele ya wageni. Anaonyesha kwamba ni salama. Mgeni apokee kwa mikono miwili.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuufungasha kwenye chupa niuze?

Unaweza, ila kazi ni kuusimamisha. Ukiufunga ukiwa hai, chupa itapasuka kama dumu langu. Ukiuchemsha ili kuua chachu, ladha ya muwa inaondoka na inabaki kama ya majani yaliyochemshwa. Njia inayoelekea kufaa ni kuuacha uchachuke hadi sukari iishe, kuuchuja, kisha kuupasha moto wa kadiri kwa muda mfupi ndani ya chupa iliyozibwa. Unapata kinywaji kikavu, tofauti na cha kilabuni, lakini cha heshima. Kabla ya kuuza, jengo na bidhaa vipite Shirika la Viwango (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Ofisi za mkoa za SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia kwa mafunzo na vifungashio.

Mvua ikizidi, ulanzi unaharibika?

Ukigemwa ovyo, ndiyo. Maji ya mvua yanaingia kwenye mbeta. Funga kofia ya majani ya mgomba au kipande cha gome juu ya jeraha, na usiku wa mvua kubwa shusha mbeta. Mwaka wa ukame hasara ni ya aina nyingine: machipukizi machache, membamba, na unatakiwa kugema pungufu hata ya ile kanuni ya moja geme, moja acha.

Nimeshauriwa ning'oe milanzi nipande misindano au parachichi. Nifanyeje?

Sitamkataza mtu kutafuta ada ya watoto. Misindano inaleta fedha mara moja baada ya miaka mingi, parachichi inaleta kila mwaka ikipata matunzo na soko. Ulanzi unaleta kidogo kidogo, kila siku, kwa miezi mitano, na huhitaji mkopo. Piga hesabu hiyo kwa shamba lako.

Ila usiiguse milanzi ya ukingo wa bonde. Mteremko mwekundu usio na mizizi unashuka wote ndani ya masika mawili. Kwanza unafukia kinyungu cha jirani, kisha kijito kinageuka rangi, na tope hilo linaendelea na maji hadi Ruaha na mabwawa yanayotupa umeme. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mito. Kilolo nimeona mahali palipong'olewa milanzi mwaka mmoja, na mwaka uliofuata njia ya kwenda kisimani ilikuwa imekatika. Milanzi ya juu, ya mahali tambarare, iuze ukipenda. Ya ukingoni iache na uigeme.

Mlanzi wangu umechanua maua. Ni baraka?

Ni mwisho wake. Mlanzi hukaa miaka mingi bila ua hata moja, kisha kichaka kizima kinachanua pamoja, kinatoa mbegu na kukauka. Mbolea haitakiokoa. Usigeme tena, hakuna akiba iliyobaki. Kusanya mbegu zinapokauka, zisie kitaluni chini ya kivuli mvua zikianza, na kata mianzi mikavu mapema kabla bungua hawajaimaliza, itakufaa kwa uzio na vichanja. Pale palipokuwa na kichaka usipaache wazi hata msimu mmoja. Panda visiki kutoka kichaka kingine, cha mtu mwingine, kisicho na maua.